Sikufukuzwa

Jibondo, Mafia
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Mudrik,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na Baba ni mzima wa mwili. Barua hii nampa Shahbanu wa dukani Kilindoni, aitie kwenye mzigo unaokuja Dar, maana simu yako haipatikani tangu kabla ya Idi. Idi yenyewe tumekula bila wewe na bila salamu yako.

Nadhani unajua kilichonifanya nishike kalamu. Ile makala ya video mliyopigwa wewe na bendi yako imefika huku. Walianza kuionyesha alasiri moja kwenye banda la video Kilindoni, na siku ya tatu kila kijana wa hapa kisiwani alikuwa nayo kwenye simu. Mimi niliitazama kwa simu ya mtoto wa jirani, nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Nikaona jina lake, “Waliofukuzwa”. Nikaona nyumba yetu. Nikamwona Baba amekaa kibarazani, yule binti Faraja aliyeitengeneza makala anamwekea wimbo wako kwenye simu, Baba anasikiliza kidogo, kisha anainuka, anatoka, hasemi neno. Halafu kiza. Halafu wewe jukwaani, umevaa nyeusi, unanguruma kama mtu anayechinjwa.

Mudrik, siku ile walipokuja mwaka jana mimi sikuwapo pale kibarazani. Nilikuwa nimewapelekea chai wale vijana wengine wa kamera waliokuwa pwani. Niliporudi nilikuta vitu vinafungwa na Baba yuko chumbani. Nilimuuliza, akasema wageni wamemaliza kazi yao. Basi.

Sasa watu wanauliza. Bi Nasma ameniuliza kisimani, kwa upole lakini mbele ya wenzake, kama ni kweli umetoka katika dini. Bwana mmoja kamuuliza Baba barazani kwa nini alimfukuza mwanawe wa pekee wa kiume. Baba hakujibu. Tangu siku hiyo hajashuka pwani kwenye kazi. Mashua ya watu imekaa pale na mbao zake wazi, naye ni fundi ambaye hajawahi kuacha chombo cha mtu nusu. Jana alinambia neno moja tu: “Mudrik aliwaambia nini watu wale?”

Nami nakuuliza hivyo hivyo. Uliwaambia kwamba Baba alikufukuza? Maana mimi ndiye niliyekufungia mkate wa mchele siku unaondoka, na Baba ndiye aliyekubebea begi mpaka chomboni. Kama uliwaambia vingine, niambie, nijue la kujibu kisimani.

Dada yako,
Mwanahalima


Keko, Dar es Salaam
9 Mei 2024

Dada Mwanahalima,

Shikamoo. Barua nimeipata, Shahbanu aliifungia ndani ya katoni ya biskuti. Simu nilibadilisha laini. Watu nisiowajua walikuwa wananitumia maneno, wengine wakiniombea nishukiwe na moto, wengine wakinipongeza kwa kuikimbia familia yangu. Hao wa pili waliniudhi zaidi.

Sikuwaambia hivyo, dada. Walikuwa nami siku nne. Walinipiga picha karakana nikichomelea mageti, nikila, nikibishana mpira na wenzangu. Siku ya Ijumaa walinifuata mpaka msikitini wakanipiga nikitawadha. Umeyaona hayo? Hayamo. Kilichomo ni cheche za kuchomelea, zimepunguzwa mwendo, na uso wangu gizani. Siku moja walinipeleka ufukweni, wakanambia nitazame bahari nisiseme kitu. Ukitazama makala utadhani nawaza nyumbani nilikofukuzwa. Nilikuwa nawaza njaa, maana tulikuwa hatujala tangu asubuhi.

Tumaini, yule anayetupigia ngoma, wamemwonyesha nywele zimemfunika uso kama mwenye pepo. Yeye ni mkunga. Siku waliyompiga picha alikuwa ametoka zamu, amezalisha watoto watatu. Aliwaeleza. Wakasema inapendeza, ila haiingii.

Nimetazama makala nyingi za watu wa metali, huu muziki wetu wa kunguruma, za nchi nyingi, kwa sababu ukiwa mpenzi wa muziki huu unatafuta jamaa zako popote walipo. Ziko zinazotuita mashetani. Hizo nimezizoea, unazima unalala. Halafu ziko zinazotupenda. Hizo ndizo zinazoniumiza sasa. Ili mimi nionekane shujaa lazima apatikane mtu aliyenionea, na wakiwa hawana, wanamtafuta. Faraja anatupenda, dada, nakuapia. Anajua nyimbo zetu zote kwa kichwa. Akaenda kumtafuta mwoneaji, akampata Baba.

Lakini nami nikuulize. Kukata, walikata. Kuchanganya, walichanganya. Ile miguu lakini ni ya Baba. Waliuweka wimbo wangu, akasikiliza kidogo, akainuka akaenda zake. Hilo halikutengenezwa na mtu. Miaka yote nilijiambia kwamba Baba haupendi muziki huu kwa kuwa hajausikia. Sasa kausikia, nami nimeliona jibu lake, na nchi nzima imeliona.

Kwa hiyo waambie kisimani kwamba sikufukuzwa na sikutoka katika dini. Ila kurudi, dada, usiniombe kwa sasa. Sijui nitamtazama vipi.

Mdogo wako,
Mudrik


Jibondo
16 Mei 2024

Kwa binti Faraja,

Salaam. Mimi ni Mwanahalima binti Jumanne, dada yake Mudrik, niliyewapikia pweza mlipokuja kwetu mwaka jana. Anwani yako naitoa kwenye ile kadi uliyomwachia Baba.

Sikuandikii kukutukana. Mlikula kwetu, na mtu aliyekula kwako humtukani. Nakuandikia kukuuliza jambo ambalo wewe unalijua na mimi silijui.

Katika makala yenu Baba anainuka anaondoka. Ndugu yangu ameona hayo, amekata tamaa, hataki kuja nyumbani. Baba naye hataki kuniambia lolote. Kazi ameiacha na chakula anakigusa tu. Kila mmoja ana lake moyoni juu ya mwenziwe, na katikati yao iko picha yako.

Mimi nimeishi na Baba miaka arobaini na moja. Hajapata kumwacha mgeni kibarazani bila kumuaga. Basi nambie: alipotoka, ikawaje? Usinifiche kwa kuwa ni aibu yako, wala kwa kuwa ni aibu yetu.

Mwanahalima Jumanne


Sinza, Dar es Salaam
24 Mei 2024

Dada Mwanahalima,

Shikamoo. Umeniandikia kwa mkono, nami nakujibu kwa mkono, ingawa mwandiko wangu mbaya.

Baba alirudi.

Sentensi hiyo nimeiandika peke yake kwa sababu nilipaswa kuiweka hivyo kwenye makala, na sikuiweka. Alikaa nyuma ya nyumba kama dakika kumi. Sisi tulidhani amekasirika, tukafunga kamera. Kisha akaja, uso umelowa maji, akakaa palepale, akaniomba niuweke wimbo tena. Akausikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba. Ulipokwisha alisema maneno machache. Kipaza sauti kidogo kilikuwa bado kimebanwa kwenye shati lake, kwa hiyo sauti ninayo. Alipokiona, alikivua mwenyewe akanikabidhi, akasema, “Haya niliyoyasema yasitoke, mwanangu.” Nikamwahidi.

Nimeitunza ahadi. Maneno yake hayamo, na hata wewe siwezi kukuandikia. Muulize mwenyewe. Ila nilitunza nusu tu. Nilificha kurudi kwake, nikabakiza kuondoka kwake, na usiku wa kuikamilisha kazi nikajiambia nimekuwa mwaminifu.

Unataka kujua kwa nini. Mhariri wetu alikuwa akiniuliza kila siku, nani anamzuia kijana huyu? Akasema hadithi isiyo na ukuta haina wa kuuruka. Hiyo ni sababu moja, na ndiyo ninayowaambia watu. Ya pili simwambii mtu. Mimi niliupenda muziki huu nikiwa shule ya sekondari kule Iringa. Baba yangu alizikusanya fulana zangu na kaseti nilizopewa na mjomba, akazichoma uani, akanisimamisha nitazame. Hatujasemezana vizuri hadi leo. Nilipomwona baba yenu anainuka, dada, sikumwona yeye. Nilimwona wangu. Nikakata pale ambapo hadithi yangu inaishia.

Naweza kuikata makala upya. Naweza kuja tena kumpiga picha, akisema anachotaka. Niambieni nyinyi.

Nisamehe,
Faraja


Jibondo
28 Mei 2024

Mudrik,

Soma hii barua ya Faraja niliyoiambatanisha, kisha uje kwenye yangu.

Umeona? Alirudi. Aliusikiliza mpaka mwisho.

Nilimpelekea Baba, naye akaisoma mwenyewe kwa miwani yake, polepole, akairudia. Nikamwambia na yako ninayo, nikamsomea pale unaposema hukufukuzwa na hukuwaambia kitu. Akaniuliza, “Hakuwaambia kitu kabisa?” Nikasema ndivyo alivyoandika. Nikamuuliza alisema nini siku ile kwa yule binti, akatikisa kichwa.

Kisha akanipa swali nikuletee, neno kwa neno: “Muulize, ile sauti aliipata wapi?”

Mimi silielewi swali hili. Pengine wewe unalielewa. Mjibu yeye, si mimi, na barua uifunge kwa gundi. Sitaifungua.

Mwanahalima


Keko, Dar es Salaam
2 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo.

Sikulala, Baba.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa amesumbuka na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na wakunga wakasema apelekwe Kilindoni. Nilimng'ang'ania nguo mkanipakia na mimi, maana hapakuwa na wakati wa kubishana, tukaondoka sisi watatu tu. Tulipofika katikati upepo ukakata, bahari ikawa shwari kama sinia. Uliteremsha tanga ukanifunika nalo kwa ajili ya jua, ukanambia nilale. Ukashika kasia. Mama alikuwa amenishika mguu kwa mkono mmoja. Nilikuwa nakuona kwa upenyo wa tanga, viganja vyako vinatoka damu. Kisha nikasikia mkono wa Mama umelegea.

Wewe uliacha kupiga kasia. Ulimwita mara mbili kwa jina lake. Halafu ikatoka ile sauti. Sijapata kuisikia tena kwa mtu yeyote wa kwetu. Haikuwa kilio, kwa maana kilio nakijua. Ilikuwa kama mtu anang'oa kitu kilichoota mizizi kifuani. Na ukasema maneno, ukiwa umeinua uso juu. Sitayaandika. Kisha ulinawa uso kwa maji ya bahari, ukaja ukafunua tanga, nami nikafumba macho.

Pwani uliwaambia watu kwamba Mama amekwenda kwa utulivu na mimba yake, na Mudrik, alhamdulillahi, amelala njia nzima. Nikaona umefurahi kwa hilo, kwamba angalau mimi nimelala. Basi nikaendelea kuwa yule aliyelala. Ni miaka ishirini na mitano sasa.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, ulinituma Kilindoni kwa Ahmedali kuchukua misumari. Mwanawe Sibtain alikuwa ameketi nyuma ya duka anasikiliza kitu, akanivika visikilizio vyake masikioni ili anichekeshe. Wenzangu waliokuwapo walisikiliza wakasema ni mnyama huyo, wakacheka. Mimi nilikusikia wewe. Nikasimama pale na misumari mkononi, nikafikiri: kumbe wako watu ulimwenguni wanaotoa sauti hii mbele za watu, na wengine wanakuja kuwasikiliza, na hakuna anayewaambia wanyamaze.

Hapo ndipo nilipoipata. Sikuiga kwa dhihaka. Sijamwambia mtu, si Tumaini, si dada, si Faraja na kamera yake. Katika wimbo ule hamna hata neno moja la yale uliyoyasema. Nimeuita “Shwari”, basi.

Kama nimekosa kwa kuibeba, nisamehe. Sikujua pa kuiweka.

Mwanao,
Mudrik


Jibondo
8 Juni 2024

Mwanangu Mudrik,

Marahaba. Naandika mwenyewe. Dada yako nimemtuma kwa Bi Nasma ili niwe peke yangu.

Yule binti alipoweka wimbo, mara ya kwanza niliposikia nilijua. Mtu huijua sauti yake hata akiwa hajaisikia miaka. Nikasema moyoni, mtoto alikuwa macho. Alisikia, amekwenda kuwaambia watu wa mjini kwamba baba yake alimkufuru Mola wake baharini, nao wameniletea kamera waniulize mbele ya ulimwengu. Ndipo nikainuka. Sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Nyuma ya nyumba nilinawa nikaona, ikiwa mwanangu amelibeba jambo hili mpaka likawa wimbo, mimi nitashindwaje kulisikiliza mpaka mwisho. Nikarudi. Nikamwambia yule binti: “Hiyo sauti si ya shetani wala si ya Mudrik. Ni yangu.” Hayo ndiyo maneno niliyomwambia asiyatoe.

Yale niliyoyasema siku ile nimeyatubia kila alfajiri, na hayo ni baina yangu na Mwenyezi Mungu. Lakini sikupata kumtaka radhi aliyekuwa chini ya tanga, kwa kuwa sikujua kwamba yuko. Nilifurahi umelala kwa sababu sikutaka uyabebe. Kumbe nilikuacha nayo peke yako, na umri ule. Nisamehe wewe.

Muziki wako siupendi. Ni kelele na unaumiza masikio. Sitakudanganya ili tupatane. Lakini kukufukuza, sikukufukuza. Nitamfukuzaje mtu kwa sauti yangu mwenyewe?

Idi ya kuchinja imekaribia. Njoo.

Baba yako,
Jumanne


Jibondo
30 Juni 2024

Mdogo wangu Faraja,

Salaam. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na mgeni, na mgeni mwenyewe ndiye jibu.

Mudrik alikuja siku mbili kabla ya Idi. Baba alikwenda kumpokea pwani. Mimi nilisimama kwa mbali nikitegemea makubwa, nikaona wanapeana mikono, kisha Baba anamwonyesha ile mashua aliyokuwa ameiacha wazi, wanaizunguka, wanagongagonga mbao. Hayo tu. Kesho yake wakaanza kuifanyia kazi pamoja. Siku ya Idi, baada ya sala, walikwenda kwenye kaburi la Mama, kisha wakakaa nyuma ya nyumba tangu adhuhuri hadi alasiri. Nilisikia ngurumo zikitoka huko, nikadhani ni za Mudrik; sikwenda. Waliporudi kula, nilitarajia ndugu yangu ndiye awe amekauka sauti, kwa ile kazi yake. Aliyekauka alikuwa Baba. Alikuwa akiongea kwa kunong'ona mpaka siku ya pili, nikimchemshia tangawizi.

Wewe unajua alichokwambia siku ile. Mudrik naye anajua sasa. Mimi sijui, na nimeacha kuuliza. Nimeona ninaweza kuishi katika nyumba yenye jambo nisilolijua, alimradi wanaolijua wanakula sahani moja.

Kuhusu makala, tumeshauriana wote watatu. Hatutaki uongeze kitu. Maneno ya Baba yabaki yalipo. Tunataka ukiondoe kile kipande cha yeye kuondoka, na lile jina ulibadilishe. Kama makala itapwaya, basi ipwaye. Mudrik ameomba, kama una nafasi ya kujaza, umweke Tumaini akiwa kazini kwake. Anasema akina mama aliowazalisha ndio wanaopaswa kuulizwa yeye ni mtu gani. Na kuja tena, karibu sana, uje hata mwezi ujao kabla pweza hawajaadimika. Ila kamera uiache Dar. Baba amesema yeye hana zaidi la kuonyesha, lakini ana swali la kukuuliza juu ya mzee wako wa Iringa, na swali lenyewe anataka akuulize mkiwa mnakula.

Watu huku bado wanasema, ingawa wamepunguza. Juzi barazani yule bwana aliyeuliza mwanzo aliuliza tena, naye Mudrik yuko palepale amekaa: “Mzee Jumanne, kijana huyu makelele haya kayatoa wapi?” Nilikuwa napita na ndoo yangu, nikasimama. Safari hii Baba alimjibu. Alisema, “Nilimfundisha mimi.”

Watu walicheka sana, maana Baba hajapata kushika hata kigoma cha maulidi. Walidhani anawatania. Baba naye akacheka, na Mudrik akacheka mpaka akafuta macho, nami nikacheka nao, nikachukua ndoo yangu nikaenda.

Wako,
Mwanahalima